Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Ufunguo Usioingia Tunduni

Leo nimeishika kalamu nizungumzie jambo ambalo wengi watasema halimhusu mwanafunzi wa shule ya kutwa ajaye shuleni kwa miguu. Nataka kusema juu ya wizi wa magari ya kisasa, yale yasiyochomekwa ufunguo bali hubonyezwa kitufe tu yakanguruma.

Naam, sina gari, na leseni ya gari siwezi kupewa mpaka nitimize miaka 18. Lakini tuambiane ukweli: karo za wengi wetu hutoka kwenye magurudumu. Kuna mwenye baba wa matatu, kuna mwenye mama anayepeleka mboga sokoni kwa pikapu. Mimi nalipiwa na mjomba wangu, naye ni dereva wa teksi. Gari hilo likiibwa usiku mmoja, asubuhi yake mimi ndiye nitakayeitwa ofisini kuulizwa salio la karo. Kwa hivyo jamani, msiniambie hayanihusu!

Kwanza tuelewane jinsi mambo haya yanavyofanya kazi. Gari la aina hii hutoa mawimbi ya redio ya masafa ya chini yasiyofika mbali, pengine mita moja au mbili tu. Mawimbi hayo ni kama mtu anayepiga hodi na kuuliza, "Wewe ni nani?" Ufunguo uliomo mfukoni huitikia kwa neno la siri. Gari likiridhika, mlango hufunguka, na ukibonyeza kitufe injini huwaka. Raha mustarehe! Hata ukiwa umebeba mtoto na mfuko wa unga, huhitaji kupapasa ufunguo.

Sasa hapo ndipo kuna kasheshe. Gari hudhani kwamba likisikia jibu, basi mwenye ufunguo yuko karibu. Wezi wakaligundua hilo. Huja wawili, kila mmoja na kifaa chake. Mmoja husimama kando ya gari, mwenzake hujibanza karibu na mlango wa nyumba. Hodi ya gari hunaswa ikapelekwa hadi kwenye ufunguo uliolala mezani, ufunguo ukaitikia bila kujua, na gari likafunguka. Mwizi hakuvunja kioo wala hakuhitaji kujua neno la siri. Kazi yake ilikuwa kubeba sauti tu. Na injini ikishawaka, kwa kawaida haizimiki hata ufunguo ukiachwa mbali, kwa kuwa gari likizimika ghafla barabarani linaweza kuua watu.

Haya si mambo ya kusadikika. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich kule Uswisi walijaribu aina 10 za magari kutoka kwa watengenezaji 8. Yote kumi yalidanganyika. Na mwaka 2022 gari la mtaalamu mmoja wa usalama wa magari liliibwa London kwa njia nyingine kabisa. Wezi walifikia nyaya zilizo nyuma ya taa ya mbele, wakachomeka kifaa kilichofichwa ndani ya spika ndogo ya muziki, kikaiambia kompyuta ya gari kwamba ufunguo upo. Ikiwa fundi wa kufuli mwenyewe ameibiwa, sembuse sisi?

Najua kuna wanaosema, "Wee, hayo ni ya Wazungu. Huku kwetu mwizi huja na panga, au dereva anawekewa mchele kwenye soda." Sikatai, hayo yapo. Lakini hebu tufikiri. Sheria yetu huruhusu kuleta nchini magari yaliyotumika ambayo umri wake hauzidi miaka 8. Maana yake ni kwamba magari yaliyokuwa mapya Japani miaka michache iliyopita ndiyo yanayoshuka Mombasa sasa, na mengi ni ya kitufe. Si ya matajiri tena, hata teksi za mtaani ni hizo hizo. Tena bandari hiyo hiyo yetu inalijua tatizo hili. Mwaka 2019 maafisa wa forodha Mombasa walinasa magari ya kifahari yaliyoibwa Uingereza, yakiwa ndani ya kontena. Wizi wa London una mkia mpaka huku kwetu. Gari likija, mbinu zitakosaje kuja?

Wengine nao hudai dawa ni kurudi kwenye ufunguo wa chuma. Hao nao nawapinga. Mwaka 2022 huko Marekani magari mengi ya Kia na Hyundai yaliibwa ovyo baada ya video kusambaa katika TikTok, na yaliyoibwa kwa mtindo huo yalikuwa ya ufunguo wa kuchomeka! Yalikosa kifaa cha kuzuia injini isiwake bila ufunguo halali. Kwa hivyo ukale si kinga. Kinga ni kazi iliyofanywa vizuri.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, muuza gari asiruhusiwe kumkabidhi mnunuzi ufunguo mmoja na kumwambia wa pili ulipotea. Mjomba aliponunua gari lake alipewa mmoja tu. Alipouliza wa pili, akajibiwa, "Mzee, hizo ni kawaida, zinapotelea huko huko Japani." Kawaida? Ufunguo uliopotea si jiwe lililotupwa mtoni, maana gari bado linautambua! Ilibidi mjomba amtafute fundi mwenye kompyuta, akasoma kumbukumbu ya gari na kukuta funguo mbili zimeandikishwa. Ule usioonekana ukafutwa, na gharama ikatoka mfukoni mwake mwenyewe. Mimi nasema gharama hiyo ni ya muuzaji. Anayekuuzia nyumba hakuachii nusu ya funguo.

Pili, mwenye gari asilale. Mnakumbuka somo la fizikia? Mwaka 1836 Michael Faraday alionyesha kwamba umeme wa nje hauingii ndani ya kizimba cha chuma. Hiyo ndiyo elimu iliyo katika vifuko vinavyouzwa vya kutunzia ufunguo. Mkebe wa chuma wenye kifuniko nao waweza kusaidia, ila usiuamini kwa macho. Tia ufunguo ndani, funika, nenda nao mpaka mlangoni pa gari, kisha ushike mkono wa mlango. Ukifunguka, mkebe huo rudisha jikoni uweke biskuti. Na usisahau ufunguo wa akiba, kwa sababu kuficha mmoja na kuacha mwingine msumarini karibu na mlango ni kazi bure. Magari mengine yana njia ya kuzima mawimbi ya ufunguo, basi kitabu cha gari kisomwe.

Hata hivyo mkebe hauzuii mwizi wa nyaya. Kwa huyo, kufuli la chuma la kufunga usukani lafaa zaidi, kwa sababu halidanganywi na kompyuta. Linakatika, ndiyo, lakini kwa kelele na kwa muda, na mwizi huchukia vyote viwili.

Tatu, watengenezaji wasituuzie raha bila ulinzi. Dawa ipo. Kuna funguo zinazolala zenyewe zisipotikiswa kwa dakika chache. Kuna nyingine zinazopima muda ambao wimbi hutumia kwenda na kurudi. Wimbi la redio husafiri mita moja kwa takriban nanosekunde 3.3, kwa hivyo jibu likichelewa gari hujua kwamba ufunguo uko mbali na hukataa kufunguka. Ikiwa inawezekana kwa magari mapya ya bei ghali, mbona isiwe kwa yote?

Nasikia mtu akiuliza: je, gari likishindikana kuibwa kwa kifaa, mwizi hatakuja kumkaba mwenye gari amnyang'anye ufunguo? Swali zuri, na ndilo linalonitia hofu zaidi. Ndiyo maana nasema ufunguo usiwekwe chini ya mto wala chumbani mwa watoto, na mtu akikabwa autoe bila ubishi. Gari hununuliwa tena, roho haina duka. Lakini hofu hiyo isitufanye tuache milango wazi. Hakuna anayeacha kufunga nyumba eti mwizi asikasirike.

Mwisho ni neno kwa wenzangu wanaopenda kuchokora redio na simu. Akili hiyo hiyo inayotengeneza kifaa cha kuibia ndiyo inayoweza kutengeneza kifaa cha kulinda. Mmoja huishia korokoroni, mwingine huheshimika kijijini. Kidato cha tatu si mapema mno kuchagua.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi jioni hii, kabla hujafungua vitabu, muulize mzazi au mlezi wako mwenye gari maswali mawili: "Ufunguo wa pili uko wapi? Na huo wa kwanza unalala wapi?" Akikosa jibu, mpe jarida hili asome.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu