MCHAGUZI, ULIZA KWANZA

Ndugu wachimbaji, ndugu wenyeji wa Mongbwalu,

Mwezi wa Mei 1960 wanaume wa Kongo walichagua Baraza la taifa kwa mara ya kwanza. Mama zetu hawakuruhusiwa. Jimbo la Mashariki lilimpa Patrice Lumumba na chama chake kura nyingi sana, kwa maana watu walijua anataka nini: uhuru, na Kongo moja isiyogawanywa. Tangu 2006 tumekwisha kuchagua mara nne: 2006, 2011, 2018 na 2023. Picha za wagombea zimejaa ukutani. Lakini je, tunajua wanataka nini?

Mimi mchaguzi kama ninyi nimejiwekea maswali ya kumwuliza kila anayekuja kuomba kura yangu.

La kwanza: umekuja lini, na umeleta nini? Wazee walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayegawa chumvi, kitenge na pombe juma la mwisho amekwisha kutulipa. Kesho tukimdai barabara atasema hatudai kitu.

La pili: dhahabu yetu. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 yasema kwamba katika ushuru ambao makampuni hulipa kwa madini wanayouza, 25 katika 100 ni ya jimbo, na 15 katika 100 ni ya mahali penyewe panapochimbwa. Mgombea asiyeweza kutueleza atafuataje fedha hizo, anakwenda Kinshasa kufanya nini?

La tatu: usalama. Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na baraza la jimbo likasimamishwa. Katiba yataka utawala kama huo, baada ya siku 30 za kwanza, uongezwe kwa siku 15 tu kila mara, kwa ruhusa ya Bunge. Basi aliyekuwa mbunge atuambie: kila ilipoombwa ruhusa, ulisema ndiyo au hapana, na kwa sababu gani?

La nne: nani yuko nyuma yako? Kura ya mbunge huhesabiwa kwanza kwa orodha ya chama chake, ndipo viti hugawanywa. Tena kila mgombea ana watu wawili wa kushika nafasi yake akipewa uwaziri. Ukimchagua mmoja bila kuwatazama wengine, waweza kumpeleka Bungeni mtu usiyemjua kabisa.

Swali moja silimwulizi mtu: kabila lako ni lipi? Shimoni anayevuta kamba haulizi kabila la aliye chini. Aangalia tu kamba isikatike. Mwaka 2002 na 2003 mji wetu ulipokonywa mara kwa mara na vikundi vyenye silaha vilivyojiita watetezi wa makabila. Waliokufa tuliwazika sisi, si wao.

Ndugu, muda wa wabunge ni miaka mitano, na waliochaguliwa 2023 watarudi kwetu 2028. Tusingoje picha zibandikwe. Wanaume kwa wanawake, tuandike leo katika daftari kila ahadi iliyotolewa, na tarehe yake. Siku atakapokuja kuomba tena, tumfungulie daftari hilo mbele ya watu wote, ajibu.