Wapiga Picha ama Wapiga Bunduki?

Nianze na aibu yangu mwenyewe, ili tukigombana tugombane sawa.

Ilikuwa ndoa ya jirani yetu hapa Tudor, msikitini, baada ya Isha. Mimi na Canon 600D yangu ya mtumba, nimeiweka kwenye mfululizo, faili za RAW, kidole hakitulii. Bwana harusi akaingia, trrr. Baba wa bibi harusi akakaa, trrr. Mikono yao ikaanza kukaribiana, trrr, na hapo hapo kamera ikanyamaza. Ndani ya kitundu cha kuchungulia likatokea neno moja: buSY. Nikabonyeza, wapi! Mzee akaanza kuoza, sauti ikamkatika katikati, akajipangusa macho kwa mkono wa kushoto. Kijana akajibu amekubali. Kamera ilipozinduka watu washaanza dua. Mzee mmoja nyuma yangu akaniinamia sikioni: "Kijana, wewe wapiga picha ama wapiga bunduki?"

Siku mbili baadaye nikampelekea bibi harusi picha zake. Mwajua kwetu mambo yalivyo: ndoa yafungwa msikitini, yeye yuko nyumbani na wanawake wenzake. Sauti ya babake hakuisikia, machozi yake hakuyaona. Picha ndiyo ingempeleka pale. Akaniuliza, "Ile ya babangu akisema iko wapi?" Nikamwonyesha mikono inayokaribiana. Akazipitisha moja moja, akanirudishia simu, akaniambia ahsante. Ahsante ile ningali nayo kifuani.

Nilipowasimulia wenzangu wa kazi, wakanijibu kama walioambizana: "Kamera yako ndogo, bana. Nunua kubwa."

Jibu hilo ndilo ninalolipinga leo.

Tuelewane kwanza bafa ni nini. Sisi tunaonunua maji kwa mtungi hatuhitaji mhandisi wa kutufafanulia. Bafa ni ndoo ndani ya kamera. Picha zaingia kwa juu kwa kasi, na chini kuna tundu dogo la kuzitolea: hiyo ndiyo kadi. Ndoo ikijaa, kamera yangoja. Ndoo ya 600D yashika picha 6 za RAW, kila moja karibu megabaiti 25, jumla kama 150. Kadi yangu ilikuwa Class 10, maana yake imeahidi kuandika megabaiti 10 kwa sekunde. Ile namba kubwa inayong'aa juu ya kadi mara nyingi ni kasi ya kusoma, si ya kuandika. Basi kuimaliza ndoo nzima kwa ahadi ile ni sekunde 15. Ndoa haingoji sekunde 15.

Ningetumia JPEG ningepata picha 34 mfululizo badala ya 6. Hilo limeandikwa kwenye sifa za kamera, na mimi sikusoma. Kosa langu, si la kamera.

Sasa tuje kwenye hiyo "kubwa". Mwaka 2023 Sony walitangaza a9 III, dola 6,000 hivi, bila lenzi. Yapiga picha 120 kwa sekunde moja. Wallahi, 120! Ndoo yake, kwa kasi hiyo, yashika picha 192. Gawanya: sekunde 1.6 imejaa. Haya, 600D ya mwaka 2011 yapiga 3.7 kwa sekunde, ndoo yake ni 6. Gawanya: sekunde 1.6.

Rudieni hesabu wenyewe. Miaka 12 ya uhandisi, pesa za kununulia pikipiki kadhaa, na mwenye pupa anagonga ukuta palepale nilipogonga mimi. Mtasema: lakini yeye atakuwa na picha 192! Kweli. Picha 192 za mikono inayokaribiana.

Sisemi kasi ni bure. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kule California kumpiga picha farasi anayekimbia, na ndipo watu wakaona kwa hakika kwamba kuna wakati miguu yote minne iko hewani. Jicho peke yake lisingeweza. Anayepiga picha za kandanda, za ndege, za watoto wanaojirusha majini hapo mto wa Tudor, anayo haki ya kuitaka kasi. Na hiyo a9 III yaweza hata kuhifadhi picha za hadi sekunde moja kabla hujabonyeza. Ajabu kweli. Lakini bado ni lazima ubonyeze, na ni lazima ujue kwamba lile lililopita sasa hivi ndilo ulilokuwa ukilingojea.

Na methali ya haraka na baraka msiniletee. Kipa naye ni mwepesi, ila yuajua mpira utatokea wapi.

Kinachoniuma ni hili: tumeifanya kasi kuwa kipimo cha ustadi. Mteja hajaona picha yako hata moja, swali la kwanza, "Watumia kamera gani?" Wenye kazi za harusi nao wauliza hivyo hivyo kabla ya kukuita. Kijana wa mtaani achukua mkopo wa simu kulipia mkopo mwingine, apate mashine ya kumwezesha kutochagua. Mji huu ulikuwa na N. V. Parekh, ambaye studio yake iliwapiga picha Waswahili, Waarabu na Wahindi wa Mombasa kwa miongo, na leo picha zake zaonyeshwa ng'ambo. Zama hizo roli ya filamu ilikupa picha 36, ama 12 tu kwa zile za mraba. Ulikuwa huna budi kumtazama mtu kwanza.

Sisi tuna bahati ambayo haiuzwi na kamera. Mpangilio wa ndoa zetu twaujua: hotuba, kisha mikono, kisha maneno ya walii, kisha jibu, kisha dua na viganja usoni. Twajua ni wapi sauti ya baba hukatika. Mgeni mwenye dola 6,000 hajui.

Kwa hivyo, ndugu yangu, kabla ya kukopa nenda kwenye ndoa moja bila kamera. Kaa nyuma karibu na wazee, tazama mkono wa kushoto wa baba wa bibi harusi. Halafu rudi kwenye ya pili na hicho hicho ulicho nacho, kidole kimetulia, ndoo tupu. Kuna mwanamke nyumbani anayengoja kuona.