Tuziandike Nasaba Zetu, Tusizifungie Kashani



Tulipofika kwenye somo la mirathi mwaka huu, ustadh wetu alitutaka kila mmoja aandike majina ya wazee wake, kuumeni na kukeni, mpaka atakapoishia. Kuumeni wengi wetu tulifika jina la nne. Kukeni tulikwama kwa bibi. Tukacheka, lakini ustadh hakucheka. Alituuliza: "Mtagawaje mirathi ya watu msiowajua?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Mtume (S.A.W.) ametufundisha tujifunze nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu. Hakutuamrisha tujifakharishe nazo. Bali ametuonya kuwa kutiana dosari za nasaba ni katika mambo ya kijahilia. Basi elimu hii ina mpaka wake na ina faida yake. Mtu akifa akaacha bibi mzaa mama, na mama hayupo, bibi huyo ana sudusi yake. Na asiyejua nani alimnyonyesha nani, anaweza kumposa dada yake wa kunyonya.

Maandishi yapo. Katika nyumba nyingi za mwambao wetu mna shajara, hati za wakfu, wasia, au tarehe ya kuzaliwa mtoto iliyoandikwa ndani ya jalada la msahafu. Tatizo ni kuwa yamefungiwa kashani. Mwenzetu mmoja alimwendea ami yake kuomba kunakili shajara ya ukoo wao. Akajibiwa kuwa karatasi ile haitoki, watu wasije wakadai shamba. Masika yaliyofuata paa likavuja. Leo karatasi ile haisomeki, na shamba liko pale pale.

Wengine huficha kwa haya, wakichelea kujulikana kuwa bibi yao aliletwa Unguja utumwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na amri ya kuondoa hadhi ya utumwa ikatoka mwaka 1897. Si zamani sana. Bibi za bibi zetu walikuwa hai. Sisi tunasema, aibu ni ya aliyeuza, si ya aliyeuzwa. Kumfuta mama huyo katika shajara ni kumdhulumu mara ya pili.

Tena jamaa zetu wametawanyika. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi walihamia Oman, Dubai na Uingereza. Mmoja ana majina, mwengine ana tarehe, wa tatu ana picha yenye maandishi nyuma yake. Kila mmoja akikumbatia chake, hakuna mwenye ukoo mzima. Tuwatazame wenzetu wa Msikiti wa Riyadha, Lamu: walikubali hati zao za kale zipigwe picha, na leo aliye mbali anazisoma, nazo asili zake zimebaki Lamu. Kutoa nakala si kutoa mali.

Ndugu wanafunzi, sisi tuna jukumu zaidi. Wazee wetu waliandika Kiarabu na hata Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ndugu zetu wengi waliosoma skuli peke yake hawawezi kuzisoma karatasi hizo, sisi tunaweza. Tusipozisoma sisi, nani atazisoma?

Basi likizo hii tuchukue daftari, tuanze na bibi aliye mkubwa kuliko wote. Tuandike alichosema, na siku aliyosema. Tuweke mwaka wa Hijria na wa Miladia. Tuwaandike wanawake kama tunavyowaandika wanaume. Penye pengo tuache pengo, tusibuni jina la sharifu ili ukoo upendeze. Kisha tupige nakala, tumpe ami, tumpe shangazi, tumpe na yule jamaa wa mbali anayeutafuta ukoo huo huo. Siri za walio hai tuzisitiri, ila majina ya waliotangulia tusiyafiche.

Karatasi huliwa na mchwa, na wazee wanaondoka. Tuwahi.

Wabillahi tawfiq.