Ingobyi Hubebwa na Wanne

Ndugu zangu wa Gishubi, wa Gitega na wa Muyinga, na ninyi nyote mnaosoma Kiswahili katika nchi yetu: nani kati yenu hajawahi kuiona ingobyi ikishuka mlimani?

Naisema ile ya zamani, machela ya kusuka iliyofungwa kwenye miti. Mgonjwa amefunikwa kitenge, wanaume wanne wamejitwika mabegani, na nyuma yao wanakuja wengine wanne mikono mitupu. Hao wa nyuma nao wamo kazini. Wa mbele akichoka hupokewa hapo hapo njiani, na ingobyi haitui chini. Hakuna anayeuliza mgonjwa ni wa ukoo gani au anasali wapi.

Leo nataka tuwakumbuke wageni waliokuja kutoka mbali wakatia bega pamoja nasi. Nikimaliza, nitaomba jambo.

Mmoja wao ni Arthur Chilson, Mmarekani wa Kanisa la Marafiki, wale wanaoitwa Wakweka. Mwaka 1902, yeye na wenzake wawili, Edgar Hole na Willis Hotchkiss, walifika Kaimosi, magharibi ya Kenya, wakaanzisha misheni. Hapo palianza kanisa ambalo leo ni miongoni mwa makubwa ya Marafiki duniani. Mtu angesema basi, kazi imekwisha, nirudi kwetu nipumzike. Lakini mwaka 1934 Chilson, ambaye hakuwa kijana tena, alifika Kibimba, hapa kwetu Gitega, pamoja na mkewe Edna na binti yao. Walikuta kituo kilichoachwa na wamisionari Wajerumani wa Misheni ya Neukirchen wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wakaanza upya.

Alifariki mwaka 1939. Miaka 5 tu! Hospitali ya Kibimba hakuiona. Ilikuja baadaye, kwa mkono wa daktari Perry Rawson, aliyefika na familia yake baada ya Vita Kuu ya Pili.

Mimi jambo hili hunigusa kila ninapolifikiri. Mzee yule alibeba kipande chake cha njia, akapokewa, na aliyempokea naye akapokewa. Wengi wa waliopokea walikuwa watu wetu, wa vilima hivi hivi. Nani alifyatua matofali? Nani aliteka maji ya kuosha vidonda? Nani alimfasiria daktari maneno ya mama aliyesema tumbo linamkata? Majina yao hayamo katika vitabu vingi, lakini wajukuu zao tunao, tunakutana nao sokoni.

Kusini kidogo ya mji wa Gitega kuna Kibuye, hospitali ya Kanisa la Methodisti Huru. Kanisa hilo lililetwa Burundi na Mkanada John Wesley Haley mwaka 1935, akianzia Muyebe. Mwaka 2013 lilifika Kibuye kundi la madaktari na familia zao kutoka Marekani, ambao kwanza walikuwa wamefanya kazi Tenwek, Kenya. Kati yao alikuwamo daktari wa upasuaji Jason Fader, na mwenzake John Cropsey, daktari wa macho. Mwaka 2016 Fader alipewa tuzo ya L'Chaim, dola 500,000, kwa ajili ya kuendeleza kazi ya hospitali.

Fedha hizo ni nyingi, na tunashukuru. Lakini linalonifurahisha zaidi pale Kibuye ni vijana wa Kirundi waliovaa koti jeupe. Wanatoka Chuo Kikuu cha Hope Africa, kilichoanzia Nairobi mwaka 2000 na kuhamia Bujumbura mwaka 2003. Shule yake ya udaktari inaitwa kwa jina la Frank Ogden, daktari mmisionari wa zamani. Wanajifunza kando ya kitanda cha mgonjwa, wakisikiliza Kirundi na kujibu Kirundi. Hao ndio wanaokuja nyuma ya ingobyi, tayari kupokea. Je, sisi tumejiandaaje kuwapokea wao?

Daktari wa upasuaji anaweza kuwa na mkono mwepesi kuliko wote, lakini damu hawezi kuitengeneza. Lazima itoke kwa mtu, na ikishatolewa haikai zaidi ya wiki 6 hivi. Kwa hiyo kila mwezi inahitajika upya. Wewe kijana mwenye afya, umeshatoa damu mara ngapi? Ukiogopa sindano, nenda na rafiki. Mkiwa wawili hofu hupungua.

Mama zangu, ninyi mnajua kuliko mimi kwamba katika hospitali zetu chakula cha mgonjwa hutoka nyumbani. Aliyeletwa kutoka mbali, bila ndugu karibu, nani atampikia? Bakuli moja la maharagwe na ndizi, ukipita na jirani zako Jumapili baada ya ibada, linamwinua mtu kitandani. Na ninyi ndugu Waislamu wa Gitega na Muyinga, najua futari yenu huwa haikosi mgeni. Mgonjwa asiye na mtu naye ni mgeni wetu sote.

Kuna pia jambo la kutofika hospitalini mapema. Mei 2006 serikali iliamua kwamba watoto walio chini ya miaka 5 na akina mama wanaojifungua watibiwe bure, katika vituo vyake na vile vilivyoafikiana nayo. Hata hivyo wako wanaongoja hadi usiku, hadi mvua, hadi uchungu umeshika. Siwalaumu. Mtu huchelewa kwa sababu ya ng'ombe, ya shamba, ya watoto wadogo ambao hana wa kumwachia. Ndiyo maana nasema na jirani kabla ya kusema na mama mwenyewe. Watoto wale wanaweza kulala kwako usiku mmoja?

Mwenye pikipiki, mchana unafanya biashara yako, na ni halali yako. Mwachie mremeshakiyago, yule mhudumu wa afya wa kilima chako, namba yako ya simu, ajue nani wa kumwamsha usiku. Mwalimu, mtoto anayelala darasani huenda ana malaria. Mwulize, kisha mwulize mzazi wake.

Na zile Jumamosi zetu za kazi za pamoja! Tunachimba mitaro, tunafyeka, vizuri. Kwa nini tusichague Jumamosi chache tutengeneze njia inayoelekea kituo cha afya, ile sehemu inayoteleza karibu na mto, ambapo wabebaji huhangaika kila masika?

Nirudi Kibimba kidogo. Oktoba 1993 msiba mkubwa uliangukia mahali pale. Wanafunzi waliuawa kwa moto, na kumbukumbu yao ipo hadi leo kando ya barabara. Watu walitengana, hawa kambini, wale vilimani. Mwaka uliofuata wananchi wachache waliunda Kamati ya Amani ya Kibimba. Walikaa pamoja wakazungumza, polepole, hadi majirani wakaanza kurudi sokoni, shuleni na hospitalini. Fikirini ujasiri wa mama aliyembeba mtoto mwenye homa akaketi kwenye benchi moja na watu aliowaogopa. Ujasiri huo hakuuletewa na ndege. Ulikuwa wake.

Najua wageni wengine watakuja, na wengine watarudi kwao. Ndivyo ilivyo tangu Mapadri Weupe walipofika Mugera mwaka 1899. Tutawakaribisha kwa moyo na kuwasindikiza kwa moyo. Kilima kinabaki na sisi.

Basi ombi langu ni dogo. Jioni hii, kabla ya kufunga mlango, pita kwa jirani yako mwenye mimba. Mwulize imebaki miezi mingapi, na siku ikifika, ni akina nani wanne watakaombeba.