Kuku wa Warumi si Hoja



Vijana wetu wanaosoma historia huletewa kisa cha Claudius Pulcher kama hoja kwamba fali ina ukweli. Mwaka 249 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), amiri huyu wa Kirumi alikwenda kupigana na manowari za Carthage huko Drepana, Sicily. Desturi yao ilikuwa kuwatazama kuku wa tunduni: wakila kwa pupa hadi chembe zidondoke, ni ndege njema, wakikataa, mkosi. (Waarabu wa Jahiliya nao walitazama ndege karuka upande gani. Hiyo ndiyo tiyara aliyoikataza Mtume S.A.W.) Kuku wakakataa. Pulcher akaamuru watupwe baharini, wanywe maji kama hawataki kula. Akashindwa, akapoteza merikebu 93. Mmeona? wanatuambia.

Sisi tunauliza: mbona Aquilonia haisimuliwi? Mwanahistoria wao wenyewe, Livy, anaeleza kuwa mwaka 293, kabla ya Drepana, konsuli Papirius Cursor alitaka kupigana na Wasamniti. Kuku walikataa vile vile. Mtunza kuku, kwa kuwa jeshi zima lilikuwa na hamu ya vita, akadanganya kuwa wamekula. Papirius alipoambiwa, akasema uongo uko juu ya aliyeusema, akawapanga watunza kuku mstari wa mbele. Yule mwongo akauawa kwa mkuki, na Papirius akashinda ushindi mkubwa! Kuku walikataa mara zote mbili, matokeo yakawa mbalimbali. Drepana Warumi walishindwa kwa sababu merikebu zao zilibanwa baina ya adui na ufukwe.

Tena kula kwenyewe kulipangwa. Cicero, aliyekuwa mmoja wa watazamia ndege wa dola, aliandika mwaka 44 kuwa kuku aliyefungiwa na njaa hana budi kudondosha chembe. Na bado alitaka desturi ibaki kwa maslahi ya dola. Hapo ndipo penye ubaya hasa: wakubwa walijua, na wadogo wakaachwa waogope.

Mwaka 59 Bibulus, konsuli mwenziwe Julius Caesar, alijifungia nyumbani akitangaza kuwa anatazama ishara za mbinguni, ili sheria za mwenzake zihesabiwe batili. Miongoni mwa sheria za mwaka ule ilikuwamo ya kuwagawia ardhi maskini na askari wa zamani. Bibulus hakudaiwa hata kueleza alichokiona. Ilitosha kusema kuwa anatazama.