Baiskeli yangu inajua nyumba za wagonjwa

Chini ya kiti cha baiskeli kuna kisanduku cheusi, kidogo kuliko kiberiti, chenye taa ya kijani. Usiku wa kwanza niliiingiza baiskeli ndani nikazima taa ya nyumba, na ule mwanga ukaendelea kuwaka na kuzimika ukutani mpaka usingizi uliponichukua. Kulipokucha nilimuuliza fundi wa mradi uliotugawia baiskeli kisanduku kile ni cha nini. Hakunificha. Kina laini ya simu ndani, akasema, kila baada ya dakika chache kinatuma mahali baiskeli ilipo, ili ikiibwa ipatikane.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji hapa Aroi, Arua, wale tunaoitwa VHT, mpango ulioanza Uganda mwaka 2001. Nawapima malaria watoto wa chini ya miaka mitano, nawapa dawa, nawafuata waliokosa siku ya kliniki. Kwa miaka mingi kazi hiyo nimeifanya kwa miguu, kwa hiyo mtu asisome haya akadhani naikataa baiskeli ya umeme. Naipenda. Napanda kilima nimekaa, sanduku la dawa limefungwa nyuma, namfikia mtoto mwenye homa kabla jua halijawa kali. Kule Jinja, shirika la FABIO na wenzao wa EURIST wa Ujerumani wamekuwa na baiskeli za umeme za AfricroozE, ambazo ukizifunga trela zinabeba mgonjwa. Sisi wa West Nile, tulio na vijiji mbali na barabara ya lami, twazihitaji zaidi.

Siku ya kugawiwa baiskeli tulipewa fomu za Kiingereza tujaze jina, namba ya kitambulisho cha taifa, simu, mume, idadi ya watoto. Nilitia sahihi. Hizo zilikuwa habari zangu, na mimi nimezitoa. Lakini njia ninayopita si habari yangu peke yangu.

Mgonjwa wa kawaida wa kifua kikuu humeza dawa miezi sita, nami huenda kwake siku zilezile za wiki, muda uleule, nakaa dakika kumi, naondoka. Mtoto mwenye malaria namtembelea mara mbili tatu, basi. Mama aliyejifungua namwona wiki ya kwanza, kisha nyumba ile naipita tu. Kwa anayetumia vidonge vya kupunguza virusi, safari hazina mwisho. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi yetu, akitazama nukta za kisanduku kwenye ramani, atasoma ugonjwa wa kila nyumba bila kuligusa daftari langu. Na daftari hilo nalifungia kwenye sanduku la bati, ufunguo nautembeza kwenye fundo la kanga.

Ofisi ya mradi inasema jina la mgonjwa halimo kwenye data zao. Ni kweli, halimo. Lakini mahali penyewe ni jina. Mwaka 2013 watafiti waliokuwa na Yves-Alexandre de Montjoye walichunguza nyendo za simu za watu milioni 1.5, majina yakiwa yameondolewa. Wakakuta kwamba nukta nne za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote, kwa asilimia 95 ya watu hao. Na hapo ilikuwa nchi nzima. Hapa kwetu nukta moja yatosha, kwa sababu penye mwembe na mabati mapya kila mtu anajua ni kwa nani.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa taarifa ya pekee inayotaka ulinzi zaidi, na inakataza kukusanya kisichohitajika. Wala si maandishi ya kabatini: mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, NITA-U, iliichunguza SafeBoda, kampuni ya bodaboda ya Kampala, na mwaka 2021 ikatoa matokeo kwamba taarifa za wateja zimepelekwa kwa kampuni nyingine, CleverTap, bila wateja kuelezwa ipasavyo. Kwetu sisi, mradi uliomba idhini ya mwendesha baiskeli. Ya mwenye nyumba hakuna aliyeiomba, na mimi sina mamlaka ya kuitoa kwa niaba yake.

Wakubwa wa mjini hushangaa wazee wetu wanapoogopa kuandikwa. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi wa serikali waliwaua watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, hapa hapa Arua. Waliopona siku zile, wakaishi ukimbizini Kongo na Sudan, mpaka leo ukija na kalamu wanakuuliza kwanza: haya unayapeleka wapi? Ni swali la haki, na mwaka huu nimelibeba mimi mpaka kwenye mkutano wa mradi.

Nilisema, kisanduku kilale. Kizimwe baiskeli ikiwa mikononi mwa mhudumu, kiamshwe siku anapopiga simu kwamba imeibwa. Afisa akajibu kwamba wafadhili wanataka kujua tumeendesha kilomita ngapi. Nikamwambia, mwanangu, kilomita huhesabiwa na gurudumu, hazihitaji ramani. Kioo kidogo kwenye usukani kinaonyesha tayari jumla ya kilomita na hali ya betri, na mwisho wa mwezi naweza kumsomea kwa simu. Na zile nukta za miezi iliyopita zifutwe, mbele ya watu, na karatasi isomwe kwa Kilugbara hapa, kwa Kikakwa kule Koboko, kwa Kiswahili kwa wanaotaka Kiswahili. Akaandika. Akasema atapeleka Kampala.

Bado nangoja. Kwa sasa nikifika karibu na kisima cha pampu naiegemeza baiskeli kwenye mwembe, naifunga kwa mnyororo, nashusha sanduku la dawa, nalitia kichwani. Nyumba nne za mwisho nazimaliza kwa miguu.