Mpiga Kura na Mpiga Picha

Wasomaji wetu wa Meru na Embu waliokuwa na umri wa kupiga kura mwaka 1988 hawajausahau mlolongo. Wananchi walijipanga nyuma ya picha za wagombea, mchana kweupe, kila mmoja akimwona mwenziwe. Kisha, katika sehemu nyingi za nchi, safu fupi ikatangazwa kuwa imeishinda ndefu. Marehemu Askofu David Gitari, aliyeiongoza Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki akiwa Embu, aliukemea mtindo huo mimbarini bila woga. Hata hivyo, hapakuwa na karatasi za kura za kuhesabiwa upya. Watu walipokwisha kutawanyika, ushahidi nao ulitawanyika, na mwananchi akabakia na neno lake dhidi ya neno la afisa wa serikali.

Tumeukumbusha msiba huo ili tupate kuwashukuru mashahidi ambao harakati za mageuzi zimewadai mengi na kuwalipa machache: waandishi wa habari wanaotumia kamera. Picha iliyopigwa kwa uaminifu humnyima mkubwa nafasi ya kukana lililotendeka mbele ya umma.

Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alikuwapo na kamera yake siku alipouawa Tom Mboya, tarehe 5 Julai 1969, na kazi hiyo ikampatia tuzo Uingereza. Mwezi Oktoba 1984 picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, zilioneshwa na BBC. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo utawala wa Mengistu ulikuwa umesherehekea kwa shangwe miaka 10 ya mapinduzi yake. Picha zile zilifanya lisilowezekana kwa hotuba: dunia iliamka ikatoa msaada. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimpotezea mkono wa kushoto, naye akarudi kazini. Alifariki Novemba 1996, ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Visiwa vya Komoro. Mkenya mwenziwe, Hos Maina, aliuawa mjini Mogadishu Julai 1993 akiwa kazini.

Boniface Mwangi alizipiga picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha. Alishinda tuzo ya CNN ya wanahabari wa Afrika mwaka 2008, na tena 2010. Hakuziacha picha hizo kabatini. Kwa maonyesho ya Picha Mtaani zilitolewa barabarani, mwananchi wa kawaida akaona bila kiingilio yale tuliyotendeana.

Wapo wasemao kwamba picha za namna hiyo huiaibisha nchi na kufufua chuki. Sisi twasema aibu ni ya aliyetenda. Kidonda kilichofunikwa bila kuoshwa huoza.

Meru inalijua jambo hili. Gitobu Imanyara, mhariri wa Nairobi Law Monthly na mwana wa Meru, alitiwa kizuizini kwa ajili ya maandishi, na mwaka 1991 akatunukiwa Kalamu ya Dhahabu ya Uhuru. Kamera inastahili heshima ile ile iliyopewa kalamu. Juni 2024, vijana wa Meru na Embu walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha, wengi walibeba silaha moja tu, nayo ni simu yenye kamera.

Kwa hiyo twawaomba wapenda mageuzi mambo matatu. Kwanza, katika kila mkutano wetu, mpiga picha alindwe, hata anapoipiga picha aibu yetu wenyewe. Chama kinachomnyang'anya kamera leo kitamnyang'anya mwananchi kura kesho. Pili, picha zetu za zamani zitafutwe majumbani, ziandikwe tarehe na mahali, zihifadhiwe. Tatu, kila picha ichapishwe pamoja na jina la aliyeipiga, naye alipwe ujira wake.

Tuzo hutolewa mara moja kwa mwaka, katika kumbi za mbali. Ulinzi huhitajika kila siku, Embu mjini, Chuka, Meru na Maua. Mpiga kura huamua, mpiga picha hushuhudia. Amwogopaye wa pili hamtakii mema wa kwanza.